Si Baba Yako Aliyeiharibu Ngome

Kianda, Jumapili, tarehe 8 Februari. Asubuhi ukungu mwembamba, kisha jua kali kabla hata ya saa tatu. Mabati yameanza kualika kwa joto mapema. Hakuna dalili ya mvua.

Adhiambo mwanangu,

Nimeanza kama ninavyoanza daftari langu kila siku, kwa tarehe na hali ya hewa, maana nilitaka uanze na jambo ulilozoea. Sasa ni saa tisa alasiri. Wewe uko kwa jirani yetu Mama Brayo unasukwa nywele za safari. Baba yako ameketi nje na sanduku lako, anajaribu kurudisha gurudumu lililong'oka. Nina saa mbili hivi, labda tatu, Mama Brayo akianza kusimulia mambo ya watu.

Habari za sabuni, nguo za ndani, namba za simu na nakala za pasipoti nimeziandika kwenye karatasi nyingine. Iko mfuko wa mbele wa sanduku. Hapa naandika jambo moja tu, ambalo nimeliogopa kwa zaidi ya miaka mitatu. Kesho saa kumi na moja alfajiri gari la ajenti litakuja kukuchukua, uende Doha miaka miwili, na nisipoandika leo utaondoka na uongo wangu ukidhani ni ukweli.

Nalisema sasa hivi, kabla sijapata nafasi ya kuzunguka. Ngome yako ya karatasi haikuharibiwa na baba yako. Niliiharibu mimi.

Najua umesimama hapo. Soma tena ukitaka. Mimi mwenyewe nimeinuka nikaenda kunywa maji.

Hata uongo wenyewe sikuweza kuusema wote. Ulikuwa kidato cha pili, umeingia kutoka shule Siaya, sanduku la bati bado liko begani, ukatazama juu ya kabati na ukaona pako wazi. "Mathe, ngome iko wapi?" Nikasema, "Muulize baba yako." Maneno matatu. Baba yako alikuwa mezani anakula. Alinitazama, nami nikadhani atasema. Akaweka kijiko chini.

"Iliharibika, Adhis. Nisamehe."

"Iliharibika aje? Ama uliuza, kama ile redio?"

"Nisamehe tu."

Tangu siku ile hujamwita baba. Chumba chetu ni futi kumi kwa kumi, na bado unaniambia mimi, "Mwambie chakula kiko tayari," na anayeambiwa yuko hatua mbili kutoka kwako. Nami namwambia. Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha nikijitazama, kwamba kila mara nimemwambia, kama karani anayepitisha barua.

Sasa nikueleze nilivyofika hapo. Sijitetei. Unaenda kufanya kazi ya usafi katika vyumba vya watu, na mimi nimefanya kazi hiyo. Naijua hofu yake.

Kabla ya cherehani nilikuwa mfanyakazi wa nyumba Lavington kwa familia ya Kijapani. Hilo unalijua. Habari ya paka huijui. Sebuleni kwao, kwenye rafu, kulikuwa na ngome hiyo hiyo, mfano wa ile ya Himeji kwao Japani, ambayo mzee wa nyumba aliijenga kwa karatasi polepole mpaka ikasimama, nyeupe kama yai, mapaa yamepandana matano. Kila Ijumaa niliipangusa vumbi kwa brashi laini. Niliiogopa kuliko vyombo vyao vyote vya kioo. Ijumaa moja brashi ikanasa ncha ya paa, ikakatika. Nilisimama pale nayo kiganjani, ndogo kuliko ukucha. Nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikaiweka kwenye droo, na mama mwenye nyumba alipouliza, nikasema ni paka.

Paka alifungiwa nje siku mbili. Alikuwa akilia dirishani jikoni huku mimi nikiosha vyombo na kukwepa macho yake. Siku ya tatu yule mama alikuja na bahasha.

"Rosa," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "paka yangu haiweki kitu kwa bahasha."

Nilingoja kufukuzwa. Badala yake alileta gundi, akapiga magoti mbele ya rafu, akanipa kibano nishike ile ncha huku yeye akihesabu mpaka sitini. Tukiwa bado tumepiga magoti akanionyesha samaki wawili waliosimama kwenye ncha za paa la juu kabisa, mikia juu. Kwao wanaamini kwamba moto ukizuka, samaki hao huita maji. Nilicheka. Mtu wa ziwani hajazoea kuona samaki juu ya paa. Yeye pia akacheka. Familia ile ilipohama, alinipa karatasi ishirini na nne za kujengea ngome kama ile, ambazo mzee alikuwa hajazigusa. Akasema, "Kwa mtoto."

Ungedhani siku ile nilijifunza kusema kweli. Nilijifunza kushika kibano tu.

Karatasi zilikaa chini ya godoro mpaka korona ilipofunga shule na wewe ukaanza kuzunguka humu ndani kama kuku aliyefungwa mguu. Daftari linasema tulianza tarehe 11 Mei, mvua ya rasharasha. Maelezo yote yalikuwa Kijapani. Tuliweza kusoma mishale ya kukunjia na namba tu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne na ulitaka kwenda kipande kwa kipande: kata namba moja, ibandike, kata namba mbili. Mimi ni fundi wa nguo. Sisi hukata kwanza. Unapima, unachora kwa chaki, unakata mikono, kola na mifuko, vyote, unavifunga pamoja, ndipo unakaa kwenye cherehani. Anayekata kidogo na kushona kidogo huyo bado anafundishwa. Kwa hiyo ulipoenda kuteka maji nilichukua mkasi wangu wa nyuzi nikakata mapaa yote. Vipande mia mbili na kumi na sita. Nikavipanga kwa ukubwa katika mikebe ya siagi, nikafagia, nikawasha jiko. Nilijiona nimekusaidia sana.

"Mathe! Numba ziko wapi?"

"Numba gani?"

"Za vipande! Si zilikuwa hapa kando, nje ya laini?"

"Hizo takataka? Nimewashia jiko. Chai imechemka nazo."

Ulikaa chini sakafuni ukiwa na mtungi wa maji bado mkononi. Nilidhani utalia. Ukasema, "Basi leo tunakunywa numba," ukacheka mpaka ukalala chali.

Ilituchukua siku kumi na tisa kuvipa vipande vile mahali pake. Uliinua kimoja baada ya kingine kwenye mwanga wa dirisha, ukilinganisha pembe, ukijaribu bila gundi, ukirudisha. Mimi nilikuwa naandika kila kimoja kinakokaa. Tangu hapo nimejiuliza ni mara ngapi nimekukatia mambo hivyo, kwa bidii na usafi, halafu nikachoma kitu ambacho wewe ulikihitaji. Shule ya bweni Siaya nilikuchagulia bila kukuuliza kwa sababu niliogopa vijana wa hapa. Ulikaa kule miaka minne na hukupata rafiki hata mmoja wa kumpigia simu. Niliona. Sikusema.

Msingi wa ngome si wangu wala si wako, na hapa ndipo naona aibu zaidi. Baba yako hakuwa na kazi miezi ile, ujenzi ulikuwa umesimama. Alikuwa akipita nyuma yetu, harufu ya pombe ikipita naye, hasemi. Siku moja akasimama.

"Nyinyi Wajapani wa Kianda, nani huanza nyumba na paa?"

"Ndivyo mathe alikata," ukasema.

"Lete huo ukuta."

Ulikuwa ukuta wa mawe wa chini, ule unaopinda kuja nje kadiri unavyoshuka. Tulikuwa tumeukunja kwa rula ukatoka na makunyanzi. Akauangalia kwenye picha muda mrefu. Akasema, "Ona huyu fundi. Ukuta umekaa chini kama mtu amechuchumaa. Huu hausukumwi." Akaviringisha karatasi kwenye chupa ya soda, polepole, mpaka ikapinda yenyewe bila kukunjika. Alirudia kona moja mara nne, kwa mikono ile ya kubeba mawe. Nimefungua daftari sasa hivi nihakikishe. Tarehe 3 Agosti, baridi na mawingu: "Msingi umekamilika. Owino hajanywa, wiki ya pili." Hakutangaza. Aliacha tu, na hajarudi. Kwa hiyo uliponiambia miaka miwili baadaye kwamba lazima ameuza ngome akanywe, nilikuwa mtu pekee duniani mwenye tarehe iliyoandikwa ya kukujibu. Nikanyamaza.

Kuna jingine la nyuma zaidi. Hulikumbuki, na nimemwomba Mungu usilikumbuke. Tulikuwa tunakaa Kawangware, una miaka minne. Msichana wa kukulea aliondoka bila kuaga, na mimi niliogopa kukosa Lavington hata siku moja. Nilikupa uji, nikakuwekea ndoo, nikakufungia kwa nje kwa kufuli. Nilifanya hivyo siku sita. Siku ya sita ploti ya vyumba ya pili kutoka kwetu ilishika moto saa tano asubuhi. Baba yako alikuwa anarudi kutoka kutafuta kibarua, amelewa kidogo, na nyundo yake mfukoni. Alivunja kufuli akakutoa. Ulikuwa umelala. Moto haukufika kwetu.

Nilirudi jioni nikakuta kufuli limepasuka. Kabla sijauliza lolote, kabla sijakutafuta kwa macho, nilimgombeza. "Kwa nini umevunja kufuli ya watu? Unajua ilinunuliwa aje?" Akasema, "Kufuli tutapata ingine, Rosa." Ndipo nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zako.

Hofu yangu ya moto ilianzia hapo, na tabia yangu ya kumtupia yeye lawama pia. Tulihamia huku Kianda lakini vyote viwili vilikuja na mizigo.

Sasa siku yenyewe. Juni, wewe uko Siaya. Saa nane mchana niko kwenye cherehani yangu Kawangware, pale stejini 46, nashona sare. Mama Brayo akapiga simu.

"Mama Adhis, wacha kila kitu ukuje! Kunaungua huku!"

"Wapi? Laini gani?"

"Kuja tu!"

Mwenye boda aliniacha mbali, alikataa kukaribia moshi. Nilikimbia na sentimita ya kupimia bado shingoni. Laini yetu ya nyumba ilikuwa imepona. Iliyoungua ni ya tatu kutoka kwetu, nyumba zote mpaka kwenye mtaro. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kwenye kitanda chake katikati ya njia, ameshika sufuria yenye wali, anauliza kila anayepita kama ameona kifuniko. Nilifika mlangoni kwetu, ufunguo ukakataa kuingia kwenye kufuli, yaani mkono wangu ulikataa. Nikaita jina lako. Nilijua uko Siaya. Niliita hata hivyo, mpaka watu wakaanza kuniuliza kama kuna mtoto ndani.

Nilipoingia hapakuwa na kitu kibaya. Kila kitu mahali pake. Na juu ya kabati, shubiri moja kutoka kwenye bati la paa lenye joto, ngome yako, miezi saba ya karatasi kavu.

Nataka unielewe hapa kuliko mahali pengine popote. Sikukasirika. Sikuwa na wazimu. Kwa siku tano kila nilipotazama juu niliona kuni. Nilihesabu: cheche ikiingia kwenye tundu la msumari, itaangukia paa la tano, la tano litashika la nne, kabati, pazia, kitanda chako. Nilijua kitanda kitupu. Niliwaza likizo inakuja. Ningeweza kumwomba Mama Brayo aiweke. Ningeweza kuipeleka kanisani, au kwa fundi mwenzangu Kawangware. Nimeyaandika yote hayo kwenye daftari, lakini baadaye. Jumamosi ile saa nne asubuhi nilijaza karai maji, nikaishusha ngome, nikaitumbukiza. Niliona kwamba kitu kilicholowa hakiwezi kuungua. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo, na ilionekana safi kabisa.

Unakumbuka kwamba gundi yetu ilikuwa ya unga wa ngano, tuliyopika wenyewe? Mimi nilikuwa nimesahau. Ilianza kuachia. Mapaa yakaachana moja moja yakaelea. Maji yakawa meupe kama uji. Nilijaribu kuzuia kwa mikono, na kadiri nilivyoshika ndivyo kilivyobaki mkononi kipande tu. Tulijenga kuanzia Mei mpaka Desemba. Ilikwisha kwa muda wa kuchemsha chai.

Baba yako aliingia nikiwa nimepiga magoti pale.

"Rosa. Hii ni nini?"

"Ingeungua."

"Imeungua?"

"Hapana."

"Sasa?"

Alitia mkono kwenye karai akatoa msingi. Ulikuwa wa mwisho kuachana, bado umepinda vizuri. Akaushika hivyo kwa viganja viwili mpaka ukalegea wenyewe. Kisha akabeba karai akaenda kumwaga mtaroni. Aliporudi alisema neno moja tu: "Utamwambia." Nikasema nitamwambia. Na wewe ukaja Julai, nikasema nilichosema.

Jioni ile ya Julai, wewe ukiwa umeenda kwa Mama Brayo kulia, nilimfuata baba yako nje.

"Mbona ulikubali?"

"Ungetaka niseme nini mbele ya mtoto?"

"Ukweli."

"Ukweli ni wako, si wangu. Mimi nimezoea. Redio si niliuza kweli? Lakini wewe hajawahi kukushuku. Akikosa kukuamini wewe, huyu mtoto atamwamini nani?" Akaongeza: "Isipite Krismasi, Rosa."

Zimepita Krismasi nne. Kila moja ilikuwa na sababu. Ya kwanza ulikuwa na malaria. Ya pili ulikuwa unaingia kidato cha nne. Ya tatu ulikuwa unangoja matokeo. Ya nne, hii iliyopita, ulikuwa umepata ajenti, na nikaona nisikuvuruge. Hofu ina ujanja sana, mwanangu. Kila mara inakuja na sababu nzuri kuhusu wewe, si kuhusu mimi.

Saa kumi na mbili na robo. Umerudi. Nimelazimika kuweka mkono juu ya ukurasa.

"Mathe, uko kwa hiyo daftari tena? Siku moja nitaisoma yote."

"Utachoka na mvua."

"Na umeandika nywele zangu?"

"Geuka nione." Ukageuka. Mama Brayo amezisuka ndogo ndogo, zimekuvuta macho, unaonekana kama umeshangaa. Nimesema umependeza. Ni kweli.

Halafu ukatazama mlangoni ukaniambia, "Mwambie aachane na hiyo bag. Ataimaliza kabisa."

Alisikia. Gurudumu lilikuwa limeshakaa sawa, alikuwa analizungusha tu kwa kidole kuhakikisha. Akaliegemeza sanduku ukutani akaenda kunawa. Na mimi, Adhiambo, nilifungua mdomo nikamwambia, "Amesema uachane nayo." Barua hii iko chini ya kiganja changu na bado nilimwambia.

Tumeshakula. Umeenda kuoga, na wakati ule baba yako akaniambia kesho atatoka saa kumi alfajiri, kuna kumwaga zege Rongai.

"Kesho? Kesho mtoto anasafiri!"

"Ndio maana. Nisimtie kwenye shida ya kuniaga mbele ya watu."

"Owino, zege haimwagwi saa kumi."

"Nitangoja huko."

Sijui kama kuna kazi yoyote Rongai. Sikuuliza. Ameshaweka buti zake karibu na mlango, zimepigwa brashi.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuificha barua hii ndani ya sanduku, katikati ya nguo. Ungeifungua Doha. Hasira yako ingenifikia kwa simu, na simu mtu anaweza kuizima na kusema chaji iliisha. Nilishaanza kutafuta sweta la kuifungia. Nimeona mikono yangu ikifanya hivyo kwa utaratibu mzuri, kona kwa kona, nikaitambua. Ni mikono ile ile ya karai.

Naogopa mengi kuhusu huko uendako. Naogopa mwajiri atakayeshika pasipoti yako. Naogopa chumba ambacho ufunguo wake uko kwa mtu mwingine, na huenda hilo naliogopa zaidi kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kukufungia. Naogopa utavunja kitu cha mgeni, kikombe tu, na badala ya kusema utatafuta bahasha. Naogopa nitakupigia na utaniambia "niko sawa, mathe" kwa sauti hiyo ninayotumia mimi. Ulijifunza kwangu. Haya siwezi kuyazuia kutoka Kianda. Nimehesabu kila namna na hakuna hata moja inayofika huko. Lakini liko moja ambalo linawezekana kabla ya saa kumi, kukupa ukweli huu mkononi, na naliogopa kuliko yote, kwa sababu yale mengine yanaweza yasitokee na hili nitalifanya mwenyewe.

Naogopa utaondoka umenichukia. Nimelitazama hilo tangu mchana. Miaka miwili ni mingi, na mimi ndiye uliyekuwa ukimwambia kila kitu. Sikuombi usikasirike. Ningekuwa wewe ningekasirika. Ninachotaka ni hasira iende kwa mwenyewe. Imekaa kwa mtu mwingine muda mrefu mno, na yeye ameilipia kila siku akiwa amekaa kimya, anasikiliza akitajwa kama mtu asiyekuwepo.

Kwa hiyo haitaingia kwenye sanduku. Nitakuamsha saa tisa na nusu. Nitakupa barua hii na tochi ya simu, na nitakaa hapo nje kwenye kibao cha kufulia. Una nusu saa. Ukitaka kutoka unigombeze, toka. Majirani wakisikia, wasikie. Baba yako hajui nimeandika, kwa hiyo usitafute chochote usoni pake. Atakuwa ameinama anafunga kamba za buti, polepole kama kawaida yake. Sijui utamwambia nini. Sitakufundisha. Ila mimi sitapeleka ujumbe tena, Adhiambo. Ukiwa na neno kwake, yuko hatua mbili.

Mama yako,
Rosa

Umelala saa nne na nusu, nywele zimekuuma, ulikuwa unageukageuka. Baba yako amelala saa tano, au amefumba macho. Mimi nimeisoma barua hii mara mbili na sikufuta kitu. Saa saba na dakika arobaini usiku. Nimeweka simu iniamshe. Sasa nalala.